Dawa ilichukua miaka 7, kuitoa kwenye friji ikachukua 10

Leo naziweka kando habari za seva na programu, ingawa mtaona kwamba sikwenda mbali sana. Nataka tuzungumze kuhusu historia ya dawa: ile familia ya dawa za virusi vya ukimwi (VVU) zinazoziba kimeng'enya kiitwacho proteasi. Historia hii imeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara inaanzia maabara na kuishia maabara. Mwanasayansi fulani, kampuni fulani, mwaka 1996, shangwe, basi. Mimi nataka tuisome tukiwa tumesimama Elwak.

Kwa wasioijua, Elwak ni mji wa Kaunti ya Mandera, mpakani kabisa na Somalia. Ng'ambo ya mpaka kuna Elwak nyingine. Jina lenyewe ni la visima: ceel ni kisima kwa Kisomali, na Waaq ni jina la Mungu lililotumiwa na Wasomali na Waoromo tangu kabla ya Uislamu. Watu walikusanyika hapo kwa sababu ya maji, na maji ndiyo yasiyopatikana sehemu nyingi za jirani. Wengi wa wenyeji ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua ikinyesha upande mwingine, familia huhama na mifugo, na mpaka wa nchi mbili hauwazuii sana. Joto la mchana hupita nyuzi 30 miezi mingi ya mwaka.

Sasa, sisi tunaoandika programu tuna jibu letu la kujitetea mteja akilalamika: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kila mmoja wetu ameshalisikia au kulisema. Na kila mmoja anajua kwamba programu inayofanya kazi kwenye kompyuta ya mwandishi wake tu haijakwisha. Hoja yangu ya leo ni hiyo hiyo. Dawa haijakamilika siku inapoziba kimeng'enya ndani ya maabara. Inakamilika siku mtu aliye nje ya Elwak, asiye na umeme wala friji, anapoweza kuimeza kila siku kwa mwaka mzima. Na ukihesabu miaka, kazi hii ya pili ilichukua muda mrefu kuliko ya kwanza.

MKASI WA VIRUSI

Tuanze na kimeng'enya chenyewe. Maagizo yote ya VVU yameandikwa kwa herufi za kikemia zipatazo 9,700. Makala haya unayoyasoma yana herufi nyingi kuliko hizo. Ndani ya maagizo hayo mafupi mna vimeng'enya vitatu. Cha kwanza hunakili RNA ya virusi kuwa DNA. Cha pili, integrasi, hubandika nakala hiyo ndani ya DNA ya seli ya binadamu. Cha tatu ni proteasi, na kazi yake ni kukata.

Kukata nini? Seli iliyotekwa haitengenezi protini za virusi moja moja. Nyingi kati yake hutoka kwenye mnyororo mrefu, protini kadhaa zikiwa zimeungana. Aliyewahi kuletewa faili la data lisilo na koma, nafasi wala mstari mpya ataelewa mara moja. Kila kitu kimo ndani, lakini hakitumiki mpaka kikatwe panapostahili. Proteasi ndiyo mkasi wa kazi hiyo. Bila mkasi, virusi vinatoka kwenye seli vikiwa vichanga na haviwezi kuambukiza seli nyingine.

Mkasi wenyewe ni mdogo ajabu. Ni vipande viwili vinavyofanana kabisa, kila kimoja kina asidi amino 99. Vikikutana vinaacha mfereji katikati, mnyororo unapita humo, na mahali pa kukatia panaundwa na asidi amino moja kutoka kila upande.

Mwaka 1988 watafiti wa kampuni ya Merck, akiwemo Irving Sigal, walifanya jaribio ambalo mwandishi wa programu yeyote angelipenda. Walibadilisha asidi amino moja tu, ile ya mahali pa kukatia, wakaangalia kitakachotokea. Virusi vilitengenezwa, lakini havikuambukiza. Kwa hiyo ikajulikana: ziba mkasi huu, na virusi vinakwama. Sigal mwenyewe hakuiona dawa. Tarehe 21 Desemba 1988 alikuwa ndani ya ndege ya Pan Am 103, ile iliyolipuliwa angani juu ya Lockerbie huko Scotland.

Februari 1989 wenzake wa Merck walichapisha umbo la proteasi lililopatikana kwa kupiga fuwele zake miale ya eksirei. Miezi michache baadaye kundi la Alexander Wlodawer, huko Frederick katika jimbo la Maryland, lilitoa umbo lililo sahihi zaidi. Hapo wanakemia wakawa na ramani ya mfereji, wakaanza kuchonga molekuli ya kuuziba.

Na hawakuanza na ukurasa mtupu. Kwa miaka mingi kampuni za dawa zilikuwa zikitafuta namna ya kuziba renini, kimeng'enya cha mwilini kinachohusika na shinikizo la damu. Renini na proteasi ya VVU hukata kwa mbinu moja. Kazi ile ya renini ilikuwa imewasumbua sana, lakini maktaba ya molekuli ilikuwepo, na watu waliojua kuzitengeneza walikuwepo. Wakaichukua na kuirekebisha. Sisi tunafanya hivyo kila siku na msimbo wa zamani.

Matokeo yalikuja haraka. Desemba 1995 Marekani iliidhinisha sakwinaviri ya Roche. Machi 1996 zikafuata ritonaviri ya Abbott na indinaviri ya Merck, hii ya mwisho ikipitishwa kwa siku 42 tu. Julai mwaka huo, kwenye mkutano wa kimataifa wa ukimwi mjini Vancouver, ilionekana wazi kwamba mgonjwa akipewa dawa tatu kwa pamoja, mojawapo ikiwa ya kuziba proteasi, virusi hushuka mpaka havionekani kwenye kipimo cha damu. Watu waliokuwa wameshaandika wosia wakarudi kazini. Kutoka jaribio la 1988 hadi dawa ya kwanza ya Desemba 1995 ni miaka 7.

MASHARTI YA 1996

Hebu sasa tuchukue dawa hizo za 1996 tuzipeleke Elwak, kwa mawazo tu, maana kwa kweli hazikufika. Soma masharti yake kama unavyosoma mahitaji ya programu kabla ya kuisakinisha.

Indinaviri: kapsuli mbili kila baada ya saa 8, tumbo likiwa halina chakula, na ni lazima mgonjwa anywe angalau lita 1.5 za maji kila siku, la sivyo dawa huganda na kuwa mawe kwenye figo. Kapsuli zenyewe zikaushwe muda wote, zisipate unyevu. Sakwinaviri: kapsuli 3 mara 3 kwa siku, pamoja na chakula cha kutosha, na hata hivyo ni takriban asilimia 4 tu ya dawa iliyoingia kwenye damu. Ritonaviri: kapsuli 6 asubuhi na 6 jioni, na zihifadhiwe kwenye friji.

Chukua mfano wa mfugaji aliye mbali na mji wakati wa kiangazi. Maji ya dramu moja yanagawanywa kati ya watu na wanyama wachanga. Lita moja na nusu kwa ajili ya dawa tu, kila siku, ni hesabu nzito. Halafu unakuja mwezi wa Ramadhani. Kila baada ya saa 8 haiwezekani kwa mtu anayefunga, maana kutoka daku hadi futari ni zaidi ya saa 13. Na friji? Iko zahanati, inahifadhi chanjo, pengine siku mbili za mwendo kutoka alipo.

Bado hatujataja bei. Tiba ya dawa tatu iligharimu dola 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja.

Labda utasema: basi akose dozi chache, kuna ubaya gani? Ubaya upo, na unatokana na jinsi virusi vinavyojinakili. Kimeng'enya cha kunakili hakina kipimo cha kukagua makosa. Katika mwili usio na tiba, virusi vipya vinavyotengenezwa kila siku hufika takriban bilioni 10, na kati ya hivyo vingi vimebeba kosa fulani. Dawa ikiwa imejaa kwenye damu, karibu vyote hukwama. Dawa ikipungua kidogo, vile ambavyo kosa lake limebadilisha umbo la mfereji hupita na kuzaana. Siku dawa inaporudi, inakuta ufunguo hauingii tena. Kwa hiyo dozi iliyokosekana kwa sababu ya friji humnyima mgonjwa dawa siku hiyo, na pia inaweza kumharibia dawa hiyo kwa maisha yake yote. Na dawa za akiba ni chache.

Ndiyo maana nasema masharti ya kuhifadhi na kumeza ni sehemu ya dawa yenyewe.

FUWELE ILIYOKATAA KUTII

Kisa cha ritonaviri kinastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu ni hitilafu ya kiufundi ambayo sijapata kuona mfano wake.

Katikati ya 1998, baada ya dawa kuuzwa kwa miaka miwili, kapsuli za kiwanda cha Abbott zilianza kufeli kipimo cha kuyeyuka. Molekuli ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni jinsi molekuli zilivyojipanga kwenye fuwele. Ulikuwa umetokea mpangilio mpya, ulio imara zaidi na mgumu kuyeyuka, na dawa isiyoyeyuka haiingii kwenye damu. Baya zaidi, fuwele za aina mpya zilikuwa kama chachu: chembe chache zikifika mahali, zinasababisha dawa yote ya hapo igande kwa mpangilio huo huo. Kampuni ikalazimika kuziondoa kapsuli sokoni. Wagonjwa wakarudishwa kwenye dawa ya maji ambayo ladha yake ilikuwa mbaya mno, mpaka mwaka 1999 ilipopatikana kapsuli laini mpya. Kapsuli hiyo nayo ilitaka friji.

Wakati huo huo ritonaviri ilikuwa imepata kazi nyingine. Iligunduliwa kwamba inazuia kimeng'enya cha kwenye ini ambacho huvunjavunja dawa nyingi. Kidogo tu cha ritonaviri, na dawa nyingine iliyo pamoja nayo inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Dawa iliyotengenezwa kuua virusi ikageuka kuwa mlinzi wa dawa nyingine. Ndipo Septemba 2000 ikaidhinishwa Kaletra, yaani lopinaviri pamoja na ritonaviri kidogo ndani ya kapsuli moja. Hapo saa 8 zikawa saa 12, na virusi vilihitaji kukusanya makosa mengi zaidi kabla ya kuishinda. (Kwa kumbukumbu zenu: ni ritonaviri hii hii iliyowekwa kwenye Paxlovid mwaka 2021 dhidi ya virusi vya korona, ikilinda dawa inayoziba mkasi wa virusi vile.)

Kapsuli ya Kaletra ilikuwa nzuri sana, ila ilitaka friji. Maelekezo yake yaliruhusu ikae nje kwa miezi miwili endapo joto halizidi nyuzi 25. Nimeshawaambia kuhusu joto la Elwak.

Suluhisho lilipatikana kwa kuacha vimiminika kabisa. Wahandisi walichukua dawa wakaiyeyusha pamoja na polima, mchanganyiko ukasukumwa nje kama tambi ukiwa moto, ukapozwa, ukasagwa na kugandamizwa kuwa tembe. Ndani ya polima molekuli zimetawanyika na kukwama, hazipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Tembe 4 kwa siku badala ya kapsuli 6, na hakuna friji. Iliidhinishwa Marekani Oktoba 2005.

Hesabu tena. Kuitafuta molekuli: 1988 hadi 1995, miaka 7. Kuitoa kwenye friji: Desemba 1995 hadi Oktoba 2005, karibu miaka 10. Na hata baada ya hapo, tembe ilianza kuuzwa Marekani, nchi ambayo karibu kila nyumba ina friji. Mwaka 2006 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lililazimika kupiga kelele hadharani ili tembe hiyo isiyoharibiwa na joto ifike Afrika, ambako ndiko ilikohitajika zaidi.

SHERIA NA BEI

Kuna mlango mwingine ambao dawa ilipaswa kupita kabla ya kufika Kaskazini Mashariki, nao ni hataza.

Kenya ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuuza tiba ya dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa mashirika ya misaada, yaani chini ya dola moja kwa siku. Mwaka huo huo Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Miliki ya Viwandani, iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Mwaka 2002 kifungu hicho kilibadilishwa ili kudai ruhusa ya mwenye hataza, wanaharakati wakakipigia kelele, na kikarudishwa mwaka huo huo. Mkisikia watu wakibishana kuhusu leseni za programu huria, kumbukeni kwamba hapa kwetu mabishano ya leseni yalikuwa ya uhai.

Tiba iliyoenea kwanza katika hospitali za umma haikuwa ya kuziba proteasi. Ilikuwa ile ya kuziba kimeng'enya cha kunakili, kwa sababu ilikuwa rahisi na haikutaka friji. Dawa za proteasi ziliwekwa akiba kwa wale ambao tiba ya kwanza imeshindwa. Na hapo likaja swali la kweli la mahali kama Elwak: tiba ya kwanza ikishindwa, je, ni lazima upime usugu wa virusi kwa mashine za bei ghali ndipo umpe mgonjwa tiba ya pili?

Jibu lilitoka hapa Afrika. Utafiti wa EARNEST, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuata wagonjwa 1,277 katika nchi za Uganda, Kenya, Zimbabwe, Malawi na Zambia. Walipewa dawa ya proteasi pamoja na dawa za zamani za kunakili, zikichaguliwa bila kipimo cha usugu, na tiba hiyo haikuzidiwa na mchanganyiko mpya wa bei ghali. Kwa lugha rahisi, mganga wa wilaya angeweza kuanzisha tiba ya pili bila kusubiri maabara ya mbali.

LAKINI WAGONJWA KASKAZINI MASHARIKI SI WACHACHE?

Najua swali hili linakuja, tulijibu. Ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa mwaka 2003 ulikuta VVU kwa karibu asilimia 7 ya watu wazima Kenya, asilimia 15 Nyanza, na chini ya asilimia 1 Kaskazini Mashariki. Dini, tohara ya wanaume na umbali vimetajwa miongoni mwa sababu. Hata hivyo, angalieni pia jinsi tunavyojua. Utafiti mkubwa wa KAIS wa mwaka 2012 uliiacha Kaskazini Mashariki nje kwa sababu ya usalama. Takwimu za mwaka huo zinazoitwa za taifa hazina Elwak ndani yake.

Na uchache una adhabu yake. Mahali penye wagonjwa wengi, kliniki ziko karibu, wahudumu wamezoea, na jirani haulizi umefuata nini. Mahali penye wagonjwa wachache, kliniki ni moja, iko mbali, na kila mtu anamjua kila mtu. Chupa ya dawa ikionekana, habari imefika kisimani kabla ya jioni. Kwa hiyo dawa inayotaka friji, vikapu vya vidonge na safari za kila mwezi inamfichua mgonjwa, na mgonjwa anayeogopa kufichuliwa huacha dawa. Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia ya kupuuza hitilafu kwa kuwa "inawapata watumiaji wachache". Kwa huyo mmoja inayempata, programu nzima imeharibika.

WATOTO

Watoto walisubiri zaidi ya watu wazima. Mtoto mchanga hamezi tembe, hivyo alipewa lopinaviri ya maji. Dawa hiyo ilikuwa chungu, ilitaka kuhifadhiwe kwenye baridi kabla ya kugawiwa, na zaidi ya asilimia 40 yake ilikuwa pombe. Fikiria muuguzi akimweleza hayo mama wa Kiislamu mwenye mtoto wa miezi mitano. Dharura ina hukumu yake katika dini, lakini mazungumzo hayo si mepesi, na mtoto anayetema dawa kila asubuhi hajui hukumu yoyote.

Mwaka 2015 zilipatikana chembechembe ndogo za lopinaviri ndani ya kapsuli. Unaifungua, unamwaga kwenye uji, mtoto anakula. Hazikutaka friji. Majaribio yake ya awali yalifanyika Uganda, na utafiti wa LIVING ukaanza Kenya mwaka huo kisha ukaenda Uganda na Tanzania. Uchungu ulibaki, lakini friji na pombe viliondoka. Hiyo ni miaka 20 baada ya sakwinaviri.

KIMENG'ENYA CHA PILI KINACHUKUA ZAMU

Mwisho wa habari hii mkasi uliachiwa nafasi ya pili, na integrasi ikachukua ya kwanza. Agosti 2013 Marekani iliidhinisha dolutegraviri. Molekuli hii huikamata integrasi na kukaa hapo muda mrefu, na virusi vinapata shida kubwa kuikwepa. Kipimo ni kidogo, miligramu 50, mara moja kwa siku, pamoja na chakula au bila chakula, bila friji.

Safari hii kusubiri kulipungua sana. Juni 2017 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegraviri ya jeneriki, ikianza na wagonjwa 20,000. Septemba mwaka huo yakatangazwa makubaliano ya kuuza tembe moja yenye dawa tatu ndani yake, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kwa takriban dola 75 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2023 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 45.

Haikuwa njia nyoofu. Mei 2018 takwimu za kwanza kutoka Botswana zilitia shaka kwamba huenda dawa hiyo inadhuru uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwazuia wanawake wa umri wa kuzaa wasiipate. Julai 2018 wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali wakasema wazi: tupeni taarifa na njia za uzazi wa mpango, kisha tuachieni tuchague wenyewe. Takwimu zilipoongezeka hatari ikaonekana ndogo sana, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dolutegraviri kwa wote. Mwaka 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupata tembe ya watoto inayoyeyuka kwenye maji, yenye ladha ya stroberi.

Je, dawa za proteasi zimestaafu? Hapana. Utafiti wa NADIA wa mwaka 2021, uliofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe kwa watu 464 ambao tiba ya kwanza ilishindwa, ulionyesha kwamba dolutegraviri haizidiwi na darunaviri, dawa ya kisasa ya proteasi. Lakini katika wiki 48 za kwanza, usugu dhidi ya dolutegraviri ulijitokeza kwa wachache, na dhidi ya darunaviri haukujitokeza kabisa. Mkasi bado ni akiba yetu.

Sasa mrudishe yule mfugaji wa mfano wetu. Tembe moja. Anaimeza baada ya futari, Ramadhani haina tatizo. Hahitaji lita za ziada za maji. Miongozo inaruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dawa ya miezi kadhaa kwa mara moja, hivyo anaweza kuondoka na ngamia wake na kurudi mvua zikiisha. Chupa moja ndani ya mkoba haielezi mengi kwa jirani. Mambo haya ndiyo yaliyokosekana mwaka 1996, na hakuna hata moja ambalo ungeliona kwa kutazama picha ya kimeng'enya.

KILICHOBAKI

Ninaandika haya kwa sababu kazi hii inaweza kurudi nyuma. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na huduma za VVU katika nchi zetu zikatikisika, hata baada ya kibali maalum kutolewa kwa tiba za kuokoa maisha. Molekuli ilikuwa ile ile, na hakuna virusi vilivyokuwa vimebadilika. Kilichoyumba ni barabara, mishahara ya wahudumu na shehena, yaani ile sehemu ya dawa isiyoandikwa kwenye vitabu vya kemia.

Habari njema ni kwamba sehemu ya shehena imeanza kutengenezwa karibu. Kiwanda cha Universal Corporation, kilichoko Kikuyu, kilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 kutengeneza tembe ile ya dawa tatu, cha kwanza Afrika. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua dawa zake kwa ajili ya Msumbiji. Kutoka Kikuyu hadi Elwak bado ni safari ndefu, lakini ni ndani ya nchi moja.

Kwa vijana wanaosoma ukurasa huu na wanaotengeneza vitu, iwe programu za afya, simu au mashine za maji, nina ombi moja. Kabla hamjatangaza kwamba kazi imekwisha, andikeni masharti yake kwenye karatasi: joto, maji, umeme, chakula, umbali, faragha. Kisha muulizeni mtu wa Elwak ni masharti gani kati ya hayo anayaweza. Wahandisi wa ile tembe ya 2005 walipata jibu la swali la friji. Lingeulizwa mapema, pengine wangelipata mapema.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwenye mambo ya seva. Kwaherini.